Kabla Hujafyeka, Angalia Mche Unapakana na Nani

Hii ndo hotuba niliyotoa Jumamosi asubuhi kule Lang'ata kabla vikundi havijaanza kupanda miti. Spika ilikuwa inakatakata na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, alafu wengi wakaniomba niiandike, kwa hivyo nimeiandika vile nilivyosema, na pale mvua ilinikatiza nimemalizia.

Hamjambo nyote. Wazee wangu, kina mama wa vikundi, vijana, na nyinyi watoto wa shule mliokuja na gambuti zenu, asanteni kwa kuamka mapema. Najua miche iko kwa lori na mikono inawawasha, lakini nipeni dakika chache kabla mtu yeyote hajashika slasha, manake nikichelewa kusema hii kitu leo tutakuwa tumeandalia mbuzi meza.

Kazi yangu wengi mnaijua, nauza miche kando ya barabara, miaka 19 sasa. Na kabla sijaingia Nairobi nilikuwa mchungaji wa mbuzi kule Kitui tangu nikiwa darasa la pili. Kwa hivyo maisha yangu yote nimeishi na hawa wawili, mti na yule anayekula mti, na bado kuna jambo moja nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima kabisa, tena ilibidi mteja anikasirikie kwanza.

Huyo mteja sitasema ni nani wala ametoka wapi. Alinunua kwangu miche 200, mutamaiyu mingi, ule mzeituni wa porini, murarachi kiasi, na mingine ya kuchanganya. Wakafyeka kiwanja chote kikabaki safi kama uwanja wa mpira, wakachimba mashimo kwa mstari, wakapanda, wakapiga picha, wakaenda. Wiki tano hivi baadaye akanipigia simu sauti iko juu, ati nimemuuzia miche dhaifu, yote imekauka. Nikapanda matatu nikaenda kujionea. Kumbe haijakauka, imeliwa. Vijiti vimesimama kwa mstari bila jani hata moja. Nikazunguka kile kiwanja roho inaniuma, manake mutamaiyu inakua polepole, ule mche ukiuona kwa mfuko mweusi ujue nimeumwagilia maji miezi mingi sana, mpaka nikafika kona ya chini karibu na mtaro. Pale nikakuta miche saba iko salama, kijani, imeshaanza kutoa matawi. Nikamuuliza kijana aliyekuwa amefyeka, "Kijana yangu, hapa kulikuwa na nini?" Akaona haya kidogo, akaniambia, "Mzee, ukweli ni kwamba hapo niliachia tu. Miiba ilikuwa mingi, mikono ilikuwa imechomeka, na jua lilikuwa linazama."

Ile miche saba ilitoka kwa kitalu kimoja na ile mingine, siku moja, gari moja. Ilichopata ambacho wenzake hawakupata ni jirani.

Hebu niwaonyeshe kitu. Hiki kijiti nimekitoa kule kule, nimekiweka kwa nyumba mpaka leo. Angalieni ncha yake. Imechanika, unaona nyuzi za ganda zimening'inia? Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hivyo akishika tawi analibana alafu anavuta kichwa mpaka likatike kwa nguvu. Mbawala ni vile vile, funo vile vile, swala na ng'ombe pia. Sungura yeye ana meno ya mbele juu na chini, akikata kijiti kinakatika safi, mshazari, utadhani umetumia wembe. Kwa hivyo siku ukikuta mche wako umeharibiwa usianze kulaumu aliyekuuzia wala kulaumu jua, piga magoti uangalie ncha. Pitisheni huko nyuma, watoto, mshike polepole hiyo ganda isitoke.

Huko Ulaya na Marekani shida yao kubwa ni ayala. Ndo yule ayala wa Zaburi anayeonea shauku maji. Hapa kwetu hatuna ayala wa porini, wale wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, sisi tuna mbawala, paa, funo, swala, twiga, na mbuzi wa jirani. Lakini tabia za kula zinafanana sana, wote wanacheua, wote wanachagua, na kule Uingereza ayala wamekuwa wengi mpaka mtu akipanda mti anauvalisha bomba la plastiki usiliwe. Hela ya plastiki kwa kila mche hatuna. Na sidhani tunaihitaji kama tutajifunza kuangalia majirani.

Sasa, mnyama anachagua vipi? Fikiria umeenda soko la mitumba la Gikomba kutafuta shati. Hauanzi na shati. Unaanza na kibanda. Unapita unatupa jicho, hii rundo ni fagia tupu, yaani nguo mbovu zilizobaki, unapita, ile inakaa kuwa na kitu unasimama. Ukishasimama ndo unaanza kuchambua moja moja, na hapo kama kuna kamera ndani, yaani ile nguo nzuri kabisa, utaitoa hata ikiwa imezikwa chini kabisa. Mnyama anafanya hivyo hivyo. Kwanza anachagua mahali pa kusimama, alafu akishasimama anachagua mmea. Ni chaguo mbili, na jirani wa mche anaweza kuusaidia kwa ile ya kwanza na kuuchoma kwa ile ya pili, na hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa.

Mche mtamu ukiwa katikati ya mimea michungu na mbuzi anapita tu njia yake, pua imemwambia hapa hakuna kitu, ameenda, mche umepona. Jirani mchungu ameulinda bila kujua. Lakini mbuzi akishasimama hapo kwa sababu yoyote ile, labda ni kivuli, labda ni maji, ule mtamu mmoja sasa ndo kamera. Anauchambua kwa ulimi na midomo mpaka aupate, na unaweza kuliwa vibaya kuliko vile ungeliwa ukiwa na watamu wenzako.

Hii haijatoka kwa kichwa yangu. Kule Sweden walichukua ayala wa madoa wakawapangia bakuli za chakula, zingine wametia tanini kidogo, zingine tanini nyingi. Tanini ni ile kitu inakausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana kwa birika. Wakachanganya bakuli kwa makundi tofauti. Bakuli tamu ikiwekwa katikati ya bakuli chungu ililiwa zaidi kuliko ikiwa na tamu wenzake, na bakuli chungu ikiwekwa katikati ya tamu iliachwa zaidi kuliko ikiwa na chungu wenzake. Yaani chakula ni kile kile, kipimo ni kile kile, lakini aliyekaa kando amebadilisha hesabu yote. Matokeo yalitoka 2006 na mimi nilipoyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kijana mmoja wa chuo anayenunua miche kwangu nilinyamaza muda mrefu, manake nilikumbuka mbuzi wetu.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka wa 1978 mtafiti Samuel McNaughton aliandika kuhusu Serengeti, hapa tu tukivuka mpaka. Aliangalia ile nyasi nyekundu-nyekundu inayopendwa na wanyama, imejaa hata huku Nairobi Park na Athi, akaona kwamba ikiota pamoja na mimea isiyopendwa inaliwa kidogo, lakini hiyo kinga inategemea mnyama ana uchaguzi wa kiasi gani. Mwenye mdomo mpana anakula kwa kukomba. Mwenye mdomo mwembamba anachagua jani kwa jani, na huyo huwezi kumficha kitu kirahisi. Kwa hivyo mtu akiniambia, "Mzee, si nipande tu mche mtamu kando ya mchungu utapona?" mimi namuuliza, mnyama gani anapita hapo, mdomo wake ukoje, na njia yake inapita wapi?

Sasa kuna jirani wa aina nyingine ambaye si mchungu tu, ana silaha. Huyu ndo ninayempenda.

Nikiwa mtoto tulikuwa na mbuzi mmoja jike, pembe moja ilivunjika, mjanja kupita kiasi. Huyo angesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameegemeza kwa tawi, akavuta mukau mpaka ukainama. Mukau mbuzi wanaupenda sana, wenzangu wa Ukambani mnajua. Kwa njia tuliyopita kila siku kulikuwa na miche ya mukau inaota na kuliwa, inaota na kuliwa, haipiti goti. Lakini kulikuwa na mmoja ulikuwa umeota ndani ya kichaka cha mgunga, ile miiba iliyojikunja kama ndoano inayoshika shati hadi urudi nyuma. Nilimwona yule mbuzi amesimama mbele ya hicho kichaka, ameingiza pua, ametoa, ameingiza pua upande mwingine, ametoa, masikio yamelala nyuma, jani la mukau liko hapo hapo kama urefu wa mkono wangu. Akajaribu tena. Akapiga chafya, akaenda zake. Huo mukau mwaka uliofuata ulikuwa umetoboa juu ya kichaka na kichwa chake kikawa mahali mbuzi hafiki, na ukishafika hapo umeshinda, hata miiba ikifa chini yako hakuna neno.

Waingereza wana msemo wa zamani kwamba mwiba ndo mama wa mwaloni. Mwaloni ni mti wao mkubwa, ule wa Biblia. Kwa malisho ya ng'ombe na ayala, mche wa mwaloni peke yake haufiki mbali, lakini ukiota ndani ya vichaka vya miiba unalindwa mpaka uvipite kimo, alafu kivuli chake kinakuja kumaliza vile vichaka vilivyoulea. Inasikitisha kidogo ukiwaza, lakini ndo maisha ya msitu.

Na hapa Kenya tuna ushahidi wa kwetu, tena mwingi, kutoka Laikipia. Pale Mpala kuna viwanja vya utafiti vilivyowekewa fensi mwaka wa 1995, vingine ndovu na twiga hawaingii, vingine wanyama pori wakubwa wote hawaingii, vingine ng'ombe hawaingii, na watu wanahesabu mimea mpaka leo. Hapo jirani wametafiti mimea midogo inayoota chini ya migunga. Kuna kimoja kina miiba yake chenyewe, na Tyler Coverdale na wenzake wakaonyesha mwaka wa 2018 kwamba kile kinachokaa chini ya matawi ya mgunga kinaliwa kidogo, na kwa sababu hiyo kinatengeneza miiba michache kuliko ndugu yake aliye nje kwa jua. Mmesikia hapo? Mmea uliozoea mlinzi unapunguza silaha zake. Sasa wewe njoo na slasha siku moja uondoe mlinzi. Kile kilichobaki kimesimama uchi mbele ya mbuzi, hakina mlinzi, hakina miiba. Hii sehemu ya mwisho ni maoni yangu mimi kama mtu wa miche, lakini naiamini kabisa.

Alafu kuna ndovu. Ndovu tunamwona kama mharibifu, anaangusha mti. Lakini hao hao watafiti waliona kwamba ule mti ulioanguka, yale matawi yaliyovunjika na kulala chini na miiba yake, yanakuwa kama boma, na mimea midogo iliyo ndani inaponea hapo. Mfugaji yeyote hapa anajua boma ya miiba. Babu zetu walifungia ng'ombe ndani simba asiingie, ndovu anafungia majani ndani swala asiingie, hata kama yeye hana habari.

Nyasi pia. Kuna haibiskasi mmoja mdogo wa porini huko huko Laikipia, walipochunguza wakakuta faida kubwa anayopata kwa nyasi zilizomzunguka ni kufichwa. Tu hivyo. Mnyama hamwoni. Kina mama, mnisikie vizuri hapa, manake nyinyi ndo mnapenda shamba safi, na nawaelewa, shamba chafu kijijini ni aibu. Lakini msitu si shamba la mahindi. Nyasi iliyosimama kando ya mche, ukiacha nafasi kidogo isiunyime maji, inafanya kazi ya pazia.

Na kitu cha pili nilichobeba ni hiki, msikishike. Ni tawi la ule mgunga mdogo wenye manundu meusi, upepo ukivuma unapiga mluzi. Kule Kitengela na ndani ya Nairobi Park imejaa. Angalieni, nimegonga tu tawi hivi na kidole, wameshatoka. Hao sisimizi wanaishi ndani ya haya manundu, mti unawapa nyumba na maji matamu, nao wanauma yeyote anayeleta mdomo. Ndovu mwenyewe na ukubwa wote huo hataki, manake wanapanda ndani ya mkonga ambako ngozi ni laini. Todd Palmer na wenzake walionyesha mwaka wa 2008 kwamba mahali wanyama wakubwa walifungiwa nje miaka 10, mti unapunguza kuwalisha hao walinzi, wale waaminifu wanapungua, wanaingia sisimizi wengine wasiojali, na mti unaanza kudhoofika. Yaani kumwondoa mlaji kabisa si lazima imsaidie anayeliwa. Mimi hilo lilinisumbua usingizi, manake siku zote nilidhani fensi ndo dawa.

Alafu mwaka wa 2024 Mkenya, Douglas Kamaru, na wenzake wakatoa kazi kutoka hifadhi ya Ol Pejeta, huko huko Laikipia, ambayo kila mtu anayebeba mche anafaa kuijua. Kuna sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, hawa si wa kwetu, wanasafiri na mizigo ya watu. Wakifika wanaua wale walinzi wa mgunga. Mgunga ukishakosa walinzi ndovu wanauvunja mara 5 hadi 7 zaidi. Miti ikiisha nchi inakuwa wazi, punda milia wanamwona simba kutoka mbali, simba anakosa pa kujificha, kwa hivyo punda milia ambao mwaka wa 2003 walikuwa asilimia 67 ya windo la simba, kufika 2020 wamekuwa asilimia 42, na simba wamegeukia nyati. Mdudu mdogo ambaye ukimkanyaga huhisi, amebadilisha simba anakula nini. Ndo maana kwangu kitaluni udongo nakagua, na nyinyi mkinunua miche mahali popote geuzeni mfuko muangalie chini kama kuna sisimizi wamejaa, mkiwaona rudisheni.

Kuna jambo lingine la Mpala nitalipitia haraka, la swala na woga. Swala pala hapendi kuingia vichaka vizito kwa sababu chui na mbwa mwitu wanajificha humo, kwa hivyo miti mitamu isiyo na miiba mingi inaponea kwa kichaka, na ile ya miiba inajaa kwa uwanda ambapo swala wanakaa. Jirani anakulinda kwa sababu adui wa adui yako anaweza kuwa amelala hapo.

Tuje kwa pua. Kabla mnyama aone mche ameshaunusa. Kule Australia, mwaka wa 2024, kuna watafiti walichanganya harufu ya kutengeneza inayofanana na kichaka kimoja ambacho wanyama wao wa jamii ya kangaruu hawapendi, wakaiweka kwa vichupa kando ya miche ya mikaratusi mitamu, na wale wanyama wakaiacha ile miche karibu sawa na kama kile kichaka chenyewe kilikuwa hapo. Harufu tu, bila mmea. Sisi hatuna hizo chupa lakini tuna mimea yenye harufu yake, leleshwa ikiwa mfano, ukivunja jani lake mkono unanuka mpaka jioni. Nikichunga, mahali leleshwa ilijaa mbuzi walikuwa wanapita mbio mbio kama kuna kingine mbele. Na wakulima wetu wa mahindi wameshafundishwa kitu cha aina hii na watu wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu hapa Kasarani, unapanda desmodiamu katikati ya mahindi inafukuza yule nondo wa viwavi vya mabua, na pembeni unapanda napia inamvuta huko nje. Hiyo ni ya wadudu, lakini wazo ni lile lile, jirani wa kufukuza na jirani wa kuvuta.

Sasa huyu wa kuvuta ndo hatari yetu. Msimu uliopita kikundi kimoja, watu wazuri sana wenye bidii, walipanda kunde katikati ya miche ili wapate mboga wakisubiri miti ikue. Nia nzuri. Kunde ikatoa majani, mbuzi wa jirani wakaisikia, wakaja kila asubuhi, wakamaliza kunde, alafu kwa sababu wameshafika na tumbo halijajaa wakaendelea na miche. Kama kunde haingekuwapo labda wangepita njia yao. Jirani mtamu kupita kiasi anakuletea wageni ambao hukuwaalika, na wakimaliza kwake wanahamia kwako. Kwa hivyo kunde ipandwe, ndio, lakini mbali na miche na mahali inalindwa.

Na lazima niseme ukweli wote nisiwadanganye. Jirani mchungu anasaidia wakati kuna chakula kingine. Kiangazi kikikaza, mifugo ya watu inaingizwa mpaka ndani ya Nairobi kutafuta nyasi kando ya barabara, si mmewaona, hapo hakuna mnyama anachagua kibanda tena. Anakula fagia. Harufu haimzuii, uchungu haumzuii, miiba pekee ndo inaweza kumchelewesha, na hata hiyo si kwa wote. Kwa hivyo miezi ile mibaya tutahitaji watu wa kuzunguka, zamu, na fimbo. Ratiba iko kwa katibu.

Kuna mama mmoja pale mbele ameinua mkono tangu mwanzo, ngoja nimsikie. Anauliza, "Na lantana je, baba? Si mlituambia ni adui, na mbuzi hawaili?" Asante sana mama, hilo ni swali zito. Lantana ni mgeni, inafunga msitu mzima mpaka mche wa kienyeji haupati jua, na mifugo ikila inaugua. Mimi sisemi tuiache itawale. Lakini nimeona kwa macho yangu, ukiing'oa yote siku moja mahali ambapo mbuzi wanapita, miche ya kienyeji iliyokuwa imejificha chini yake inaliwa ndani ya wiki. Kwa hivyo mimi naona tuing'oe kwa vipande, na kila kipande tunachofungua tuwe tumeshaandaa matawi ya miiba ya kuzungushia miche siku hiyo hiyo. Kama huna miiba tayari, usifungue hicho kipande. Subiri.

Basi leo tutafanya hivi. Ukipewa mche usikimbilie mahali peupe. Tafuta kichaka cha miiba kilicho hai, kaa upande ambao haupakani na njia ya wanyama, chimba shimo kwa ukingo wake ili mche upate jua la asubuhi na miiba iwe kati yake na njia. Fyeka mduara mdogo tu wa kutosha mtu kupiga magoti, nyasi ya nje iache isimame. Mukinduri haupendwi sana na mbuzi, majani yake machungu, huo unaweza kukaa nje pembeni. Mutamaiyu na murarachi iende ndani. Msipange mitamu yote pamoja kwa mstari mmoja karibu na geti kwa sababu ya picha. Na usiweke mmoja mtamu peke yake kwa uwanja wa michungu iliyo mifupi ambapo mnyama anapenda kusimama, mnakumbuka kamera. Mahali hakuna kichaka kabisa, wale vijana wa panga wamekata matawi ya mgunga jana, yako nyuma ya lori, kila mche unapata matawi manne, unayafunganisha yakiwa yamelala, ncha zikiangalia nje. Yakioza baada ya msimu mbili tunaongeza mengine.

Ile kona ya kule chini yenye miiba mingi msiiguse na slasha, hiyo nimeiwekea mutamaiyu 40. Mwenye glavu aje na mimi. Na nyinyi watoto, kabla hamjaenda mnirudishie kile kijiti.